Vitu Alivyomtengenezea Rael

Tulipomzika shemeji yangu Ombati mwaka huu, huko kwao milimani Kisii, aliyekuwa akiongoza ibada aliita watu wa upande wa mke wa kwanza waje waseme neno. Upande huo nilikuwa peke yangu. Nilitikisa kichwa, akaelewa, akaita watu wa kwaya. Mimi niliachia shule darasa la nane na sijazoea kusimama mbele ya watu, lakini si kwamba sikuwa na neno. Waliosimama walimsifu vizuri. Walitaja mashine ya kukatia ng'ombe majani aliyoiunda kwa injini ya pikipiki, na jiko lake lenye droo ya majivu ambalo sasa limeigwa na kijiji kizima. Hakuna aliyetaja vitu alivyotengeneza mwaka ule tukiwa Kiptere, kwa sababu waliovijua wamekufa au wamehama. Baadaye, tukiwa tunakula, mke aliyemwoa baada ya dada yangu Rael, mama mwenye moyo mzuri, alinisogezea ugali wa wimbi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Rael alikuwa mtu wa aina gani? Alikuwa mpole?" Nikasema, "Hakuwa mpole." Akacheka, akangoja niendelee, na mimi sikuendelea. Naendelea sasa.

Nilifika Kiptere mwezi wa Januari, wakati wa jua kali, majani ya chai yakiwa machache na watu wakiwa na muda wa kukaa nje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba yao ilikuwa ya mabati, sebule na chumba kimoja cha ndani, na jiko la kuta za udongo likiwa limesimama peke yake kando ya shamba la chai. Ombati alikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha chai, na kila kitu kilichotupwa huko kilifika nyumbani: spoku, tyubu, vipande vya ule ukanda wa mpira unaobeba majani. Hakuweza kuacha kitu kikae kilivyotoka dukani. Mlango ulijifunga wenyewe kwa chupa ya mchanga iliyoning'inia kwenye uzi. Mwiko ulikuwa na ndoano ili usitumbukie kwenye sufuria. Kamba ya nguo ilikuwa na puli, na mvua ya saa nane ikianza ulivuta mara moja tu nguo zote zikakimbia chini ya paa kama kuku. Jirani yetu, Mama Achieng', mama wa kutoka ziwani aliyeuza dagaa wa omena pale sokoni, alikuja kuitazama kamba hiyo kila akikosa wateja. "Fundi," alisema siku ya kwanza niliyomwona, "sasa nitengenezee mwanaume asiyekunywa." Ombati akamjibu bila kuinua kichwa, "Leta yule uliye naye nimfungue kwanza nione." Rael alikuwa kwenye ngazi ya jikoni, anacheka mpaka anashika mlango. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kusikika barabarani, na mdomo ambao haukumhurumia mtu. Nilipomsalimu aliniambia, "Umekonda kama fimbo ya kuchungia. Huko kwetu Sigor mnakula upepo?" Kisha akanipa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeitwa kusaidia kwa sababu ya ule wa kulia, uliokuwa umeanza kukataa.

Anayechuma chai anajua kwamba kazi yote iko kwenye kidole gumba. Majani mawili na kichipukizi chake, unavunja, hupasui. Rael alichuma kwa mikono yote miwili kama mtu anayepiga ngoma. Sasa gumba la kulia lilikuwa linavuta badala ya kuvunja, na majani yalitoka na vikonyo virefu. Karani wa kituo cha kununulia majani akaanza kummwagia gunia lake chini achambue upya, mbele ya wanawake wengine. Alirudi nyumbani akiwa na hasira na karani. Hakuna aliyefikiria ugonjwa. Ombati alikaa na kipande cha wembe na pete aliyokata kwenye bomba la shaba, akasugua kwa tupa jioni baada ya jioni, akatengeneza pete ya kuvaa gumbani, yenye jino dogo la kukatia. Ilikuwa kitu kizuri. Alipomvalisha, Rael aliinua mkono auone kwenye mwanga, na mkono ukafika kifuani ukaishia hapo. Akauangalia kama mkono wa mtu mwingine. "Ombati," akasema, "pete imekuja lakini bibi harusi ameondoka." Wanawake wa hapo kituoni ndio walioichukua ile pete, wakaomba nyingine, na kwa miezi kadhaa kulikuwa na wachumaji wenye pete za shaba kuanzia Kiptere kwenda chini. Yeye aliyetengenezewa hakuchuma nayo hata kilo.

Hospitalini, tulipompeleka, daktari alikuwa kijana, mstaarabu, aliyetupa viti kabla ya kusema. Alitaja jina refu la Kizungu ambalo sikulishika, akaeleza kwamba mishipa inayopeleka amri kwenye misuli inakufa mmoja baada ya mwingine, na kwamba akili itabaki nzima. Ombati aliuliza kama fundi. "Inaanzia wapi na inaelekea wapi?" Daktari akamwangalia Rael kwanza, Rael akaitika kwa kichwa, ndipo akajibu. "Kwake imeanzia mkononi. Itafika miguuni, shingoni, kooni, mwisho kifuani. Kwa haraka gani, hiyo sitakudanganya, sijui. Na dawa ya kuizuia hatuna." Ombati alikuwa anaitikia kila neno, kama mtu anayeonyeshwa mchoro wa mashine. Rael akasema, "Mmemaliza kunigawa? Twendeni, nasikia njaa." Tulikula chapati na maharagwe kwenye kibanda kando ya lango la hospitali. Mimi ndiye niliyemkatia chapati vipande vidogo, na Ombati aliangalia kisu, akaangalia vidole vya Rael, na nikaona ameshaanza kubuni.

Nimefikiria sana mwaka ule, na ninavyoona sasa, yalikuwa mashindano, na sisi wengine tulikuwa watazamaji. Ugonjwa uliondoa kitu, Ombati akatengeneza cha kuziba pale. Kabla gundi haijakauka, ugonjwa ulikuwa umeshapita. Kijiko cha mpini mnene wa tyubu kilikamilika wiki ambayo nilianza kumlisha kwa mkono wangu. Kikombe cha masikio mawili kilikuja wakati hata masikio manne yasingesaidia. Alitengeneza fimbo ya kutembelea yenye kiti cha kukunja, apate kupumzika njiani akienda kanisani, na ikaegemezwa ukutani ikiwa mpya, tukafundishwa badala yake jinsi ya kumbeba. Vitu hivyo vilitoka kwetu vikaenda kwa majirani. Mama Achieng' alichukua kijiko kwa ajili ya mkwe wake mzee. Mwalimu mmoja mstaafu alichukua fimbo na akamsifu Ombati sokoni kote. Ungepita Kiptere mwezi wa Mei ungedhani kuna mtu pale anayefanikiwa.

Kitu kimoja tu kilifika kwa wakati katika miezi ile ya kwanza, na hicho nacho kilituletea aibu. Vidole vya Rael vilikuwa vimeshindwa na vifungo vya blauzi, na hakutaka mimi nimfunge kama mtoto. Ombati akafungua mikoba mizee ya mitumba, akatoa zile sumaku ndogo zinazofunga mikoba, akazishona mahali pa vifungo. Ilitosha kusukuma kifua kwa kiganja, tak tak tak, blauzi imefunga. Rael alifurahi kiasi kwamba alivaa blauzi hiyo hiyo kanisani Jumapili mbili zilizofuata. Jumapili ya pili, sadaka ilipozungushwa, kopo la bati lilipita karibu na kifua chake, likanata. Mzee wa kanisa akavuta. Blauzi ikamfuata. Akavuta tena, sumaku zikaachia zote kwa pamoja, na dada yangu akabaki ameketi mbele ya waumini na shimizi lake. Kisha Rael akasema kwa sauti, kwa Kipsigis, lugha yetu, "Bwana amechukua, na hajaridhika." Benchi letu lote lilianguka kwa kucheka, na mzee mwenyewe akalazimika kugeukia ukuta. Nadhani ndicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho chenye sauti. Kuanzia Juni alicheka kwa macho tu, na ulipaswa kuwa umekaa upande anaoutazama ili ukione.

Mwezi huo huo mama yetu alikuja kutoka Sigor, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na blanketi lake mwenyewe, na hapo ndipo nyumba ilipogeuka. Kwa wakwe wa Kisii na kwa sisi Wakipsigis ni jambo moja: mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawali wakitazamana, na chumba cha kulala cha mkwe, mama hakanyagi. Mama alisimama nje ya mlango na blanketi lake kichwani mpaka Ombati alipotoa kitanda chao chote na kukiweka sebuleni, na kingine cha kuazima kwa Mama Achieng' kikaingizwa ndani. Hapo kilikuwa si chumba cha mkwe tena, kilikuwa chumba cha mgonjwa, na mama akaingia. Alikuwa mwuguzi mzuri kuliko mimi. Alimgeuza Rael bila kumwumiza, alimpa maziwa yale mazito kwa kijiko na hayakumpalia kama maji. Lakini mama akiwa ndani, Ombati alikuwa nje. Na mama hakutoka ila kwenda chooni. Mwanaume aliyekuwa amemwogesha mke wake kwa miezi mitatu sasa alibisha mlango wa chumba kilichokuwa chake, akakohoa, akauliza ukuta, "Ameamkaje?" Mama akaniambia mimi, "Mwambie mwenye nyumba ameamka vizuri." Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Mama Achieng' aliona mambo hayo siku mbili tu akanivuta kando. "Hata kwetu mama mkwe ni mama mkwe," akasema. "Lakini hii heshima yenu, eh, itakula watu."

Shingo ya Rael ilipoanza kulala, Ombati alitaka kumtengenezea kiti chenye mikono ya kushika kichwa, ili aweze kukaa mlangoni aone barabara. Hakuweza kuingia kumpima. Alinipa kamba. "Shemeji, pima kutoka begani hadi chini ya sikio. Funga fundo. Kisha mzunguko wa paji la uso. Funga fundo la pili." Niliingia na kamba, nikapima Rael akiwa amelala, mama akinishikia kichwa chake. Nikatoka na mafundo yangu. Alifanya kazi karibu mwezi mzima. Kiti kilikuwa na matairi ya baiskeli, mgongo wa ule ukanda wa kiwandani uliotobolewa tobo ili usimtoe jasho, na mabawa mawili ya sponji. Tulimketisha siku ya jua, mama akiwa amejitenga jikoni ili Ombati aone kazi yake. Lakini shingo ya mtu aliyelala si shingo ya mtu aliyeketi. Mwili wake uliporudi chini kwa uzito, mabawa yalimfikia juu ya masikio, na kichwa kikateleza katikati kikaangukia kifuani. Hakuweza kukiinua. Hakuweza kusema. Tulisikia tu pumzi inakwaruza. Ombati alipiga magoti akakiinua kichwa kwa viganja vyake viwili, akakaa hivyo hivyo, mabega yake yakiwa yamechoka na hataki kuachilia. "Nitashusha mabawa," akamwambia. "Siku mbili tu, nitashusha." Rael alikuwa bado na maneno machache, mazito, yaliyotoka kama mtu mwenye chakula mdomoni. Alisema, "Wacha kutengeneza. Kaa." Akashusha mabawa. Siku alipomaliza, mgongo wa Rael ulikuwa hauwezi tena kiti chochote.

Sitaki kumfanya mtu mbaya hapa. Watu wengi wangekimbia, na wengi hukimbia. Yeye alikimbilia karakana yake nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani, na huko akawa anamfanyia kazi huyo huyo aliyemkimbia. Alimtengenezea kengele ya baiskeli ya kupiga kwa kidole cha mguu, kilichokuwa bado kinacheza, ili aweze kuita. Ilifanya kazi vizuri mpaka alasiri moja ya Agosti mvua ya mawe ilipokuja. Mtu wa nchi hii ya chai anajua mvua ya mawe kwenye mabati: unaweza kupiga mayowe kwenye sikio la mtu asikusikie. Mama alikuwa amekwama chooni, mimi nilikuwa jikoni, Ombati karakana. Mate yalikuwa yamemkwama kooni, na alipiga kengele mvua yote. Nilipomfikia alikuwa amebadilika rangi. Ombati akabuni mara moja kitu kingine, kitambaa chekundu kwenye uzi, cha kuanguka mbele ya dirisha la jikoni ukivutwa kwa kidole kile kile. Alikuwa anapaka uzi nta ili usikwame siku kidole kilipoacha kucheza. Kitambaa hakikuanguka hata mara moja. Nje, chai ilikuwa imechanwa na mawe kama iliyokatwakatwa kwa panga, na shamba zima lilinuka majani mabichi.

Mwezi wa Oktoba, nikimsafisha uso, Rael alitaka kusema kitu. Ilichukua muda. Nilitaja maneno yeye akanipa jicho, hili siyo, hili siyo. Mwishowe nikaelewa: "Namsikia. Simuoni." Nilidhani anamsema Mungu, nikaanza kumwombea, na macho yake yakakasirika mpaka nikaacha. Alikuwa anamsema Ombati. Miezi yote hiyo alimsikia ukutani, anakohoa, anapiga nyundo, anauliza ameamkaje, na alikuwa hajauona uso wake tangu siku ya kiti. Nikamwambia mama. Mama aliweka kibuyu chake magotini. "Nitoke?" akaniuliza. "Nikitoka nani atamgeuza?" Hakuniuliza kwa hasira. Nikaenda karakana nikamwambia Ombati vile vile nilivyoambiwa, namsikia, simuoni. Aliweka tupa chini. Akaniuliza swali moja tu. "Mama akiwa ameketi, macho yake yako juu kiasi gani kutoka sakafuni? Akiwa ameketi, shemeji. Siyo amelala." Mama alicheka alipoona naleta kamba kwake. Aliketi wima kama anayepigwa picha.

Alitengeneza pazia. Alikunja bomba la chuma likaanza ukutani juu ya kichwa cha Rael, likapita katikati juu ya kitanda, likaishia miguuni. Kitambaa kilikuwa shuka la maua, na ukingo wake wa chini ulining'inia kiganja kimoja tu juu ya uso wa mgonjwa. Akaunda viti viwili virefu, kimoja kila upande. Ukikaa wima hapo, macho yako yalikuwa juu ya ukingo huo. Ulimwona Rael mzima chini yako, na aliyeketi upande wa pili ulimwona mikono tu. Uso hukuuona. Kulikuwa na uzi wa mama kuvuta akisikia kikohozi cha mlangoni, pazia likasimama kabla mkwe hajaingia. Siku ya kwanza Ombati aliingia akiwa amevaa shati la Jumapili. Aliketi. Rael alimwangalia, na sisi wengine tulikuwa hatuna kazi pale. Kwa siku kadhaa mama aliendelea kunipitishia maneno, "Mwambie mwenye nyumba mvua imelaza mahindi Sigor," ilhali magoti yao yalikuwa yanagusa kitanda kimoja. Siku moja nilichelewa, nilikuwa natafuta kijiko, na Ombati akajibu mwenyewe, "Pole, mama." Kisha mama akasema, kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Asante, mtoto yangu." Rael alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Hakuna kingine alichotengeneza baada ya hapo. Alitoka kiwandani, akanawa, akakohoa mlangoni, akakaa. Kilikuwa kitu chake cha kwanza ambacho ugonjwa haukukipita mbio, lakini ugonjwa haukuwa na haja ya kukipita. Ulikuwa umefika kifuani, mahali daktari alipotuambia, na kwa kifua hakuna aliyekuwa na wazo. Tulihesabu pumzi zake bila kuambiana kwamba tunahesabu.

Ilikuwa alasiri, jua likiwa limerudi baada ya mvua, mabati yakilia kwa joto. Nilikuwa nimepika uji mwepesi. Nilipoingia nilisimama miguuni pa kitanda, pale bomba lilipoishia, mahali pekee katika chumba kile ambapo mtu aliweza kuona pande zote mbili. Mama alikuwa ameshika mkono wa kushoto. Ombati alikuwa ameshika wa kulia, anausugua kwa gumba lake, polepole. Blanketi la Rael halikuwa linapanda wala kushuka. Nikamwangalia mama, na uso wake ulikuwa umeshajua, machozi yamefika kidevuni. Nikamwangalia Ombati, na yeye alikuwa amejua. Kila mmoja aliona chini ya pazia mkono wa mwenzake bado umeshika, haujashtuka. Mama aliniona nafungua mdomo. Akatikisa kichwa, akaelekeza midomo yake upande wa pazia, upande wa mkwe wake: mwache kidogo. Na Ombati, upande wake, akainua mkono uliokuwa mtupu akaweka kidole mdomoni, akanionyesha kwa macho upande wa mama. Nikasimama pale na bakuli, nikiwaona wote wawili, mpaka uji ukashika utando.